Mguu wa Mwalimu wa Udereva

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya nyumbani ilikwama kwa mara ya tano tangu wiki ianze. Kwenye mchoro, mshale ulisimama juu ya ukuta wa korido ya wodi ya wazazi, ukuta ambao mke wa Mwalimu alikuwa akiusogeza sentimita ishirini ili vitanda viwili viweze kupishana, na haukutikisika tena. Feni ilikuwa ikizunguka, taa ya kijani ilikuwa ikiwaka. Mke wa Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya, akahesabu hadi sitini kama alivyozoea, kisha akabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka skrini ikawa nyeusi. Sebuleni, Shangazi aliyekuwa akikunja nguo aliuliza kama imekwama. Akaambiwa imekwama. Akaendelea na soksi.

Mwalimu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa barabarani akimfundisha udereva mfamasia mmoja mwoga, mwenye tabia ya kufumba macho kila lori linapopita. Ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na saba, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkewe pia. Gari la shule ya udereva lina breki mbili, moja miguuni pa mwanafunzi na nyingine miguuni pa mwalimu anayekaa pembeni. Kila mwanafunzi ana kadi yake. Mwalimu akilazimika kukanyaga breki ya upande wake, huandika kwenye kadi saa, mahali na sababu: hakuona taa, amembana mwendesha baiskeli, amefumba macho. Mwenye shule huzikagua kadi hizo kila mwisho wa mwezi, na mwalimu asiyeandika huitwa ofisini.

Kompyuta aliinunua yeye, miaka sita iliyopita, ili achape ratiba na majina ya wanafunzi. Yeye ndiye aliyemwonyesha mkewe mahali pa kuwashia, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha watu. Mengine yote mkewe alijifundisha, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja akawa anachora ramani za majengo. Sasa alikuwa akichorea ofisi moja ya wahandisi, kazi za hapa na pale, na ofisi hiyo ilikuwa inatafuta mchoraji wa kudumu. Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, angeonyesha michoro ya zahanati mbele ya jopo, kila mtu akiwa kwenye skrini yake. Wakiridhika, angepata ajira, na meza ya peke yake karibu na dirisha. Meza hiyo aliiota. Alikuwa ameshaamua hata upande ambao angeweka taa.

Mwalimu alikuwa na wivu. Tuseme tu, maana hata yeye alilijua hilo, ila alidhani ni wivu wa kawaida, ule wa mwanamume anayesikia sauti ya mwanamume mwingine ikitokea chumbani kwake. Mhandisi, mkuu wa ile ofisi, alikuwa na sauti nzito ya taratibu, na kila alipopiga simu mke wa Mwalimu alikaa wima na kusema maneno ambayo hayakusemwa mahali pengine popote mle ndani: mhimili, mwinuko, uwiano. Mwalimu akiwa sebuleni alijifanya hana habari, anafungua gazeti, roho inamuuma kama jino. Akiuliza nani alikuwa akipiga, aliambiwa ni Mhandisi. Akiuliza alikuwa anataka nini, aliambiwa ni habari za ngazi. Ngazi gani hizo za kuongelewa nusu saa, alijiuliza, na chakula kilimshinda.

Kompyuta ilipoanza kukwama, hata hivyo, alikuwa wa kwanza kutoa msaada. Kwanza alisema ni kirusi. Halafu akasema ni vumbi. Mwisho akasema labda mkewe anabonyeza kwa nguvu mno, kwamba wapo watu wana mikono mizito na si kosa lao. Mkewe alimtazama, akaenda kumwita Mama Bisibisi.

Mama Bisibisi alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya ofisi ya posta, mwanamke mfupi, mzito, asiyecheka bure. Alikuwa na kanuni moja iliyowachosha wateja: habadilishi vitu viwili kwa siku moja. Ukibadilisha viwili, alisema, hutajua kilichopona ni kipi. Jumanne hiyohiyo alifungua kasha, akatoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, akafunga. Jumatano ikakwama mara mbili. Akabadilisha feni. Alhamisi ikakwama mara tatu, akabadilisha kumbukumbu. Ijumaa ikakwama saa mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijapoa, na michoro ya vyoo vyote vya ghorofa ya pili ikapotea.

Siku hiyo akaibeba kompyuta nzima hadi kibandani. Huko ilifanya kazi mchana kutwa bila kusita. Jumamosi vilevile. Mama Bisibisi akaitupia kila alichonacho, picha, sinema, hesabu ndefu, nayo ikazimeza zote. Mchana mke wa Mwalimu alipita kuulizia, akaketi mbele ya kompyuta nyingine kabisa, ya Mama Bisibisi mwenyewe, ambayo haikuwahi kukwama tangu inunuliwe. Akafungua mchoro wa zahanati. Baada ya dakika nane mshale ukasimama.

"Basi tatizo si mashine," alisema Mama Bisibisi. "Ni kitu kinachokufuata wewe."

Mke wa Mwalimu akauliza kama kinatengenezeka. Fundi akasema kwanza kijulikane ni kitu gani. Akamrudishia kompyuta yake, akampa na daftari la kurasa arobaini na nane. Kwa siku tatu, kila kompyuta itakapokwama, iandikwe saa, na kila aliyemo ndani ya nyumba aandikwe alikuwa akifanya nini wakati huohuo.

Daftari lilichukuliwa na Shangazi. Alikuwa dada wa baba yake Mwalimu, alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili na sasa ulikuwa mwaka wa nne, na hakuna jambo mle ndani lililompita. Aliiandika nyumba kama polisi. Jumapili, saa tano na robo, imekwama. Mimi nameza dawa. Mke wa Mwalimu yuko kwenye kompyuta. Mwalimu yuko kwenye kiti cha mlangoni, amenuna, mguu wa kulia umekanyaga sakafu kwa nguvu, kiatu hakijapigwa rangi. Jumapili, saa kumi na nusu, imekwama. Mimi nasali. Mwalimu yuko kiti kilekile, mguu uleule. Jumatatu na Jumanne Mwalimu alikuwa kazini, na Shangazi akalazimika kuandika kwamba hajui anafanya nini huko, ila anavyomjua, amenuna.

Jumatano jioni Mama Bisibisi alikuja kulisoma. Alisoma kurasa zote, akanywa maji, akamuuliza Mwalimu juzi saa tatu na dakika arobaini alikuwa wapi. Mwalimu akasema hakumbuki, mtu hawezi kukumbuka kila dakika. Mkewe akasema kadi zinakumbuka. Zilikuwa kwenye mkoba, nyuma ya mlango. Mwalimu alitaka kusema kwamba kadi ni mali ya shule na si za kuchezewa, lakini mkewe alikuwa ameshauleta mkoba.

Mama Bisibisi akazipanga kadi mezani upande mmoja, daftari upande wa pili. Jumatatu, saa tatu na dakika arobaini, kompyuta imekwama. Saa hiyohiyo Mwalimu amekanyaga breki mbele ya kituo cha mafuta. Jumatatu, saa nane na dakika tano, imekwama. Mwalimu amekanyaga breki kwenye barabara mpya. Jumanne imekwama mara nne, na mara zote nne zimelingana na breki. Zilikuwepo breki nyingine kwenye kadi ambazo hazikuwa na mwenza kwenye daftari, na hizo zilikuwa na sababu zake, lori, mbuzi, mtoto na mpira. Zile zilizolingana, kwenye nafasi ya sababu, Mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu: tahadhari.

"Barabara mpya ilikuwa na nini?" aliuliza fundi.

Haikuwa na kitu. Ilikuwa tupu. Mfamasia alikuwa anaendesha vizuri kwa mara ya kwanza, macho wazi, na gari likasimama ghafla hadi miwani yake ikamdondoka.

"Ni mguu wako, Mwalimu," alisema Mama Bisibisi, kwa sauti ileile aliyotumia siku aliposema feni imechoka.

Hakuna aliyeshtuka. Mke wa Mwalimu alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa aliokuwa nao muda mrefu. Shangazi akasema yeye aliuona mguu ule tangu Jumapili, ila hakutaka kuingilia ndoa za watu. Mwalimu akauliza kama mguu unatengenezwa. Fundi akamjibu kwamba yeye anatengeneza kompyuta.

Hata hivyo alitaka kuhakikisha, kwa kuwa hakupenda kuacha kazi nusu. Akamwomba mke wa Mwalimu akae kwenye kompyuta achore chochote, na milango yote ibaki wazi. Akamketisha Mwalimu kwenye kiti cha mlangoni, miguu sakafuni. Akamwambia akanyage. Mwalimu akakanyaga. Mshale ukaendelea kutembea.

"Sasa mfikirie mkeo, anapika, analala, vyovyote vile. Usikanyage kwa makusudi."

Mwalimu akafumba macho akamfikiria. Mguu ukatulia. Mshale ukaendelea.

"Mfikirie Mhandisi."

Hapo Shangazi akasogeza kiti mbele. Mwalimu akamfikiria Mhandisi na sauti yake nzito, akamfikiria kwa bidii, kwa chuki, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mguu haukufanya kitu. Mshale ukachora mstari mrefu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Shangazi akaegemea nyuma akiwa amevunjika moyo, kwa sababu matumaini yake yote aliyaweka kwa Mhandisi.

Mama Bisibisi akakuna shingo. "Mfikirie mkeo akichora," alisema.

Mwalimu hakutaka, lakini kulifikiria jambo hakungoji ruhusa. Ikamjia jioni moja ya miaka miwili iliyopita, alipomkuta mkewe mbele ya skrini akasimama nyuma yake. Ngazi zilikuwa zikipanda zenyewe chini ya mkono wake, kipandio juu ya kipandio, zikageuka kwenye kona bila kukosea, na uso wake ulikuwa mtulivu kiasi ambacho Mwalimu hakuwahi kuuona, si siku ya harusi, si siku nyingine. Alimuuliza kama amekula. Mkewe alijibu bila kugeuka. Yeye Mwalimu katika maisha yake hakuwahi kukifanya kitu chochote namna ile. Alikuwa amewafundisha watu wengi kwenda, na yeye amekaa pembeni.

Kisigino kilishuka, kidole gumba kikabana ndani ya kiatu, mguu wa kulia ukakanyaga sakafu. Chumbani mke wa Mwalimu akasema, "Imekwama."

Mwalimu aliona afadhali sababu ingekuwa Mhandisi. Wivu wa mwanamume kwa mwanamume mwenzake unaweza kuusema kwa marafiki, wakakuelewa, wakakupigapiga mgongoni. Huu hakujua angeanzaje kuusema. Mkewe alitoka chumbani akasimama kwenye fremu ya mlango, akamtazama kwanza usoni, halafu mguuni, halafu akaenda kuwasha taa ya sebuleni kwa kuwa giza lilikuwa linaingia.

Tiba aliyoipendekeza Mama Bisibisi ilikuwa rahisi. Mguu usiwe na kitu cha kukanyaga. Ijumaa asubuhi Mwalimu aliomba ruhusa kazini, akalazwa kwenye kochi, mguu wa kulia ukawekwa juu ya mito mitatu kama wa mtu aliyeteguka. Mkewe aliipanga mito mwenyewe. Alikuwa amevaa blauzi yake nzuri na alinukia sabuni. Hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimwambia kwamba jopo litachukua saa moja tu, kwamba akimaliza atampikia chochote anachotaka, na kwamba anamwomba. Mwalimu akasema asiwe na wasiwasi. Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Shangazi akaketi miguuni pa kochi, mkono mmoja juu ya kifundo cha mguu, na daftari pajani kwa mazoea.

Majirani walioona dirishani mguu umeinuliwa waliingia kutoa pole. Shangazi aliwaeleza wote kwamba ni mguu unaokwamisha kompyuta. Wakatikisa kichwa, wakasema haya mambo ya mishipa yanasumbua sana siku hizi.

Saa nne kamili sauti ya mke wa Mwalimu ilianza kusikika chumbani. Ilianza ndogo, ikajikaza. Alionyesha lango, sehemu ya kungojea, chumba cha daktari. Sauti nyingine zilimuuliza maswali, naye alijibu bila kubabaika. Mwalimu alitazama dari. Mguu wake ulijaribu mara mbili kukanyaga, na mara zote mbili ulikanyaga hewa, na chumbani kazi ikaendelea. Alijisikia mtu mwema. Dakika ishirini zikapita, thelathini, arobaini.

Alipofika kwenye ngazi, Mhandisi alimsimamisha. Aliomba ampitishe tena taratibu. Alipoziona tena, Mhandisi akasema amefanya kazi hii miaka thelathini na hajawahi kuona ngazi zilizofikiriwa vizuri hivi. Akauliza ni nani aliyemfundisha.

Mwalimu aliinua kichwa kwenye mto. Hakuwa mtu wa kudai makuu. Alingoja tu atajwe, hata kwa neno moja, kwamba kompyuta ilinunuliwa na fulani, kwamba pa kuwashia alionyeshwa na fulani.

"Nimejifundisha mwenyewe," alisema mkewe, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chepesi, na Mwalimu hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile. Wote kwenye jopo wakacheka naye. Halafu akasema umebaki ukurasa mmoja, wodi ya wazazi.

Mlango wa mbele ukagongwa, jirani mwingine amekuja na pole yake, na Shangazi akainuka kwenda kumfungulia. Mwalimu alibaki peke yake na mguu wake. Akauteremsha mguu kwenye mito, polepole, akauweka sakafuni. Simenti ilikuwa ya baridi. Safari hii mguu haukukimbilia kufanya lolote. Ulitulia pale, unangoja kuambiwa, na yeye akautazama kwa muda, akamsikia mkewe akisema, "Kama mnavyoona hapa, korido ni pana," na ndipo akaukanyaga.

Chumbani kukawa kimya. Kikasikika kipanya kikibonyezwa mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mwalimu hakuondoa mguu. Aliushikilia hapohapo dakika ishirini nzima, mpaka ukafa ganzi, na Shangazi alirudi akasimama katikati ya sebule na kumtazama. Hakuliandika hilo daftarini.

Hatimaye mkewe alitoka. Aliketi kwenye mkono wa kochi, akaitazama mito mitatu na mguu ulio chini.

"Umekanyaga."

"Nimekanyaga."

"Ulikuwa unaweza kuuzuia?"

Mwalimu alifikiria. Angeweza kusema hapana, na fundi na Shangazi na mtaa mzima wangemwamini.

"Nilikuwa naweza," alisema.

Mkewe akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Akasema sawa. Akainuka akachukua mito, mmoja mmoja, akairudisha chumbani, na alipotoka alikuwa amebadilisha blauzi.

Ofisi ya wahandisi ilingoja hadi saa sita, ikampa kazi mchoraji mwingine, kijana hodari ambaye mtandao wake hauna matatizo. Mhandisi alipiga simu kusema inasikitisha. Mke wa Mwalimu alimshukuru. Tangu hapo hajachora kitu. Mwalimu alimsihi aendelee, alimwambia hata mara tatu kwamba kipaji ni kipaji, na alimaanisha, kwa sababu sasa kumfikiria akichora hakumuumi tena.

Kompyuta haijakwama hata siku moja tangu Ijumaa ile. Mwalimu humsifu Mama Bisibisi kwa kila mtu, ingawa fundi mwenyewe hakuipokea sifa, na kwenye karatasi ya kazi aliandika kwamba mashine ni nzima na tatizo liko palepale. Kadi za shule sasa ni safi, breki chache na zote zina sababu, na mfamasia amepata leseni. Mambo yameenda vizuri kiasi kwamba mwenye shule amempa Mwalimu usimamizi wa ratiba zote. Mkewe ndiye anayezichapa. Huzichapa jioni, orodha ndefu za majina ya watu wanaojifunza kuendesha gari, huku Mwalimu amekaa kwenye kiti cha mlangoni, miguu yote miwili imenyooka, imepumzika.

Wakati mwingine sauti ya kibodi hukatika. Mwalimu hungoja kidogo, halafu huuliza kutoka sebuleni kama imekwama.

"Haijakwama," mkewe hujibu, na baada ya muda huendelea na majina.